Yoana wa Arc: aliungama tarehe 24 Mei, mbona alichomwa tarehe 30?

Mdadisi
Wakuu, naomba ufafanuzi. Yoana wa Arc, msichana wa Kifaransa aliyepigana na Waingereza na kudai anasikia sauti za watakatifu, alishtakiwa uzushi, akaukana hadharani kule Rouen, Ufaransa, tarehe 24 Mei 1431, akahukumiwa kifungo cha maisha. Siku sita baadaye anachomwa moto. Kosa lilikuwa kuvaa suruali tu? Na kama Kanisa lilimhukumu, limemtangazaje mtakatifu?

Karani wa Kale
Mkuu, ufunguo ni sheria ya uzushi ya wakati ule. Mzushi akiukana uzushi wake mara ya kwanza hauawi, anapewa kitubio. Anayekabidhiwa kwa watawala wa kidunia ili auawe ni yule aliyekana kisha akarudia. Kwa hiyo Askofu Pierre Cauchon, jaji wa kesi aliyekuwa upande wa Waingereza, alihitaji kitu kimoja tu: kurudia.

Mavazi yaliufungua mlango huo. Tarehe 28 Mei majaji walimkuta gerezani amevaa tena nguo za kiume. Alieleza kwamba ahadi hazikutimizwa: kuhudhuria Misa, kupokea Ekaristi, na kufunguliwa minyororo. Kisha wakamuuliza kama amezisikia tena sauti zake. Akasema ndiyo, na kwamba watakatifu Katerina na Margareta walimwambia alitenda kosa alipokana ili kuokoa maisha yake. Pembeni ya jibu hilo karani aliandika kwa Kilatini *responsio mortifera*, jibu la mauti. Hapo ndipo kesi ilipoisha. Usiyatenge mavazi na sauti.

Hata hizo nguo zina maelezo. Alilindwa na askari wanaume wa Kiingereza katika ngome ya Rouen, na suruali yake ilifungwa kwenye koti kwa kamba 20. Kwa msichana wa miaka 19 hivi aliyefungwa minyororo kati ya askari, ile ilikuwa kinga. Na Thomas wa Akwino alishaandika kwamba mwanamke anaweza kuvaa hivyo bila dhambi panapokuwa na haja.

Binti Mwanga
Naongezea kasoro za kesi, maana ndizo zinazojibu swali lako la pili. Mshtakiwa wa Kanisa alistahili gereza la Kanisa, mwanamke alindwe na wanawake, alinyimwa. Aliomba apelekwe kwa Papa, walimpuuza. Mashtaka 70 yalifupishwa kuwa 12. Karatasi aliyoitia alama tarehe 24 Mei, mashahidi walisema ilikuwa na mistari michache tu, sita hadi minane, ilhali kiapo kilichomo kwenye kumbukumbu ni kirefu mara nyingi zaidi. Na tarehe 30 hakimu wa kidunia hakusoma hukumu yoyote. Yoana alipelekwa moja kwa moja kwenye kuni.

Mama yake, Isabelle Romée, ndiye aliyesimama Paris mwaka 1455 kudai haki, kwa idhini ya Papa Kalisti III. Walihojiwa mashahidi zaidi ya 100, na tarehe 7 Julai 1456 hukumu ya 1431 ikafutwa palepale Rouen. Kwa hiyo Benedikto XV alipomtangaza mtakatifu tarehe 16 Mei 1920, hukumu ile ilikuwa imeshafutwa zamani sana. Angalia pia: anaheshimiwa kama bikira, si kama shahidi wa imani. Wengi wanakosea hapo.

Mdadisi
Asanteni sana. Je, kuna masalia yake popote?

Karani wa Kale
Hakuna. Jukwaa lilijengwa juu mno, mnyongaji akashindwa kumfikia ili amfupishie mateso. Aliomba msalaba, mtawa Isambart akauinua mbele ya macho yake, naye aliita "Yesu" hadi mwisho. Majivu yalitupwa mto Seine. Chupa iliyohifadhiwa Chinon, mji wa Ufaransa, iliyodaiwa kuwa na mabaki yake ilipimwa, na matokeo ya mwaka 2007 yalionyesha vipande vya maiti iliyokaushwa ya Misri pamoja na mfupa wa paka. Ukionyeshwa mfupa wake mahali, usiupokee.