Kutembea peke yangu Msimbati maji yakipwa, mwezi wa tisa: nijipange vipi?

kipupwe_mtwara
Wakuu, habari za leo. Mwisho huu wa kusi (upepo wa kusini) nataka kutembea kwa miguu peke yangu upande wa Msimbati, huku Mtwara. Nianzie ufukweni, nikate mafungu ya mchanga maji yakiwa yamepwa, niingie mikokoni na kufuata pwani hadi mdomo wa Ruvuma. Nafuata ndege na utulivu tu. Wanaoyajua maji ya kule naomba mnieleze saa ya kuingia na kutoka, viatu, na tope likikushika ukiwa huna wa kukuvuta unafanyaje.

Nahodha_Mzee
Mwanangu, hesabu mwezi kabla ya saa. Bamvua, yaani maji makubwa yanayojaa na kupwa kupita kawaida, huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Pwani yetu siku hizo maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi na kujaa saa 10 au 11 jioni. Kila siku inayofuata ongeza dakika 40 hadi 50. Bamvua za Septemba ni kubwa kwa kuwa jua linakaribia ikweta. Maji yanakwenda mbali na yanarudi kwa nguvu.

Kurudi kwenyewe hakuna mwendo mmoja. Chukua bamvua yenye tofauti ya mita 3.6 kati ya kupwa na kujaa: saa ya kwanza yanapanda sentimita 30 hivi, ya pili 60, ya tatu na ya nne 90 kila moja. Mtu anaona saa ya kwanza hakuna kitu, anaendelea kuzubaa. Tena maji hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako, wewe ukiwa bado kwenye fungu kavu. Kila mkondo unaouvuka pima kina kwa fimbo, kwa sababu ndio utakaokufungia njia. Ingia masaa mawili kabla ya maji kupwa kabisa. Yakifika mwisho wa kupwa uwe umeshageuka.

Mdomo wa Ruvuma uache kabisa. Kuna viboko na mamba, na ng'ambo ni Msumbiji. Huko kote ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma tangu mwaka 2000. Lipia kiingilio na uwaulize wahifadhi mwisho wako ni wapi.

Bi_Mkandaa
Gambuti usivae, mdogo wangu. Tope likiingia ndani mguu unatoka, kiatu kinabaki. Ndala ndiyo kabisa. Vaa raba kuukuu za kamba, uzikaze hadi kifundoni, na soksi nene, maana chaza walioganda kwenye mizizi ya mkoko wanakata kama wembe.

Soma ardhi kabla ya kukanyaga. Mchanga wenye mikunjo ni mgumu. Palipojaa mizizi ya mchu (aina ya mkoko) iliyochomoza juu, tope limeshikwa, linabeba. Ogopa tope la kijivu linalong'aa, lisilo na mzizi, hasa upande wa ndani wa kona ya kijito. Hapo unazama hadi paja.

Ukizama usivute mguu kwa nguvu. Chini ya unyayo hakuna hewa, kwa hiyo ukivuta huu, ule mwingine unazidi kuzama. Kaa kitako au lala chali ili uzito usambae, laza fimbo ubavuni uiegemee, kisha tikisa mguu taratibu maji yapenye. Inua kisigino kwanza. Ukishatoka usisimame, tambaa kurudi ulikotoka, kwa kuwa kule unajua panabeba. Fimbo iwe ya mwanzi, mita mbili. Mkoko haukatwi.

pwezapweza
Kwenye maji ya goti buruza miguu, usinyanyue. Samaki taa, mwenye mwiba mkiani, hujifukia mchangani; akiguswa ubavuni anakimbia, akikanyagwa mgongoni anachoma. Ukichomwa, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, dakika 30 hadi 90, halafu hospitali hata kama maumivu yamepungua. Beba maji ya moto kwenye chupa ya chai.

kipupwe_mtwara
Asanteni sana. Simu inatosha kwa dharura?

Nahodha_Mzee
Haitoshi. Ifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, ila usiitegemee. Mwachie mtu wa ufukweni, mwenye mtumbwi, saa yako ya kurudi na upande unaokwenda. Mkubaliane kabisa kwamba saa hiyo ikipita hujaonekana, anakufuata bila kusubiri umpigie.