Moli kidato cha tatu: wanagawanya vizuri, lakini hawajui wanachokihesabu

Swali, kutoka kwa mwalimu wa kemia, Tabora

Walimu wenzangu, ninafundisha kemia kidato cha tatu katika shule ya kata yenye wanafunzi 74 kwenye mkondo mmoja, na kila mwaka ninakwama mahali palepale, yaani kwenye moli, kipimo cha kuhesabia chembe za dutu. Ukiwapa gramu na uzito wa moli moja, wanagawanya na kupata jibu bila shida. Juma lililopita niliwapima kwa njia nyingine: niliwauliza, bila kikokotoo, iwapo gramu 20 za sodiamu haidroksaidi na gramu 20 za potasiamu haidroksaidi zitahitaji asidi kiasi kilekile ili zimalizike. Karibu darasa zima lilijibu kwamba ni kiasi kilekile, kwa kuwa gramu ni zilezile. Mmoja aliyepingana nao alisema potasiamu haidroksaidi itahitaji zaidi kwa sababu "ni nzito".

Hao ndio waliokokotoa siku mbili kabla, kwa vitu hivyohivyo, wakapata moli 0.5 na moli 0.36. Chumba cha maabara tunacho, lakini bureti, mirija ya kutonea asidi kwa kipimo, ni tatu na moja inavuja. Naomba kujua wenzangu mnaanzia wapi ili mwanafunzi aione moli kabla hajakutana na fomula.

Jibu la kwanza, kutoka kwa mwalimu mstaafu, Lamu

Mwanangu, wanafunzi wako wamejua kugawanya kabla ya kujua kwamba kuna kitu kinachohesabiwa. Mimi nilikuwa nikiianza mada hii bila kemia yoyote. Huku kwetu miti ya mikoko huuzwa kwa korija, na korija ni miti 20, ziwe fito nyembamba au boriti zenyewe. Korija ya fito kijana huitia begani akaenda zake, ilhali korija ya boriti hutaka mkokoteni na mtu wa kusaidia kusukuma, na bado hakuna mnunuzi anayelalamika kwamba amepunjwa miti kwa sababu korija yake ni nyepesi. Nilikuwa nikiwauliza: nikikupa kilo 100 za fito na kilo 100 za boriti, miti mingi iko wapi? Walicheka swali, maana jibu liko wazi hata kwa mtoto wa darasa la pili. Hapo ndipo nilipoandika ubaoni "sodiamu haidroksaidi, 40" juu ya fito, na "potasiamu haidroksaidi, 56" juu ya boriti, yaani gramu za moli moja ya kila dutu, kisha nikanyamaza. Kunyamaza huko ni sehemu ya somo. Ukiharakisha kueleza, umewanyang'anya.

Ukishafika hapo, waambie kwamba moli ni korija ya wanakemia, ila idadi yake ni 6.02 × 10²³. Zamani tulikariri kwamba moli ni kiasi cha dutu chenye chembe nyingi sawa na atomu zilizomo katika gramu 12 za kaboni-12, na wengi wetu tulibaki na zile gramu 12 tukaisahau idadi. Tangu tarehe 20 Mei 2019 fasili ya kimataifa inaitaja idadi yenyewe, 6.02214076 × 10²³ kamili, na kwa maoni yangu hayo ndiyo mabadiliko yaliyomfaa mwalimu wa sekondari kuliko mtu mwingine yeyote.

Jibu la pili, kutoka kwa mwalimu wa kemia, Morogoro

Shikamoo mwalimu. Mfano wa korija ni mzuri, ila unaishia kwenye maneno, na mwanafunzi wa Tabora huenda hajawahi kuona mkoko. Ningependa darasa lihesabu kwa mikono. Wape punje 100 za mchele na maharage 100 wapime. Kwa mizani yangu ndogo mchele ulikuwa na takribani gramu 2 na maharage takribani gramu 40. Kisha wapimie rimu ya mchele na rimu ya maharage bila kuhesabu punje hata moja. Rimu wanaijua kwa karatasi kuwa ni 500, kwa hiyo watagundua wenyewe kwamba ya mchele ni gramu 10 na ya maharage ni gramu 200. Tendo hilo la kuhesabu kwa kupima ndilo moli yenyewe.

Baada ya hapo lijibu swali lako kwa jaribio, wala usingoje bureti. Potasiamu haidroksaidi ni adimu madukani, lakini kostiki ya kutengenezea sabuni ni sodiamu haidroksaidi, na soda ya kuokea mikate ni sodiamu haidrojeni kaboneti, ambayo uzito wa moli yake ni gramu 84. Yeyusha gramu 4 za kila moja, kila moja katika lita yake ya maji. Asidi utaipata kwa maji ya betri, ambayo ni asidi ya salfuriki ya takribani moli 4.5 kwa lita. Mililita 22 zikiongezwa majini hadi ijae lita moja zitakupa karibu moli 0.1 kwa lita. Kila kundi lipime mililita 10 za myeyusho kwa bomba la sindano lisilo na sindano, litone asidi kwa bomba la pili, na litumie methili oranji kama kiashiria, yaani rangi inayogeuka asidi inapotosha. Kostiki itameza karibu mililita 5, soda karibu mililita 2.4, ingawa gramu zilikuwa sawa. Siku inayofuata rudia kwa gramu 4 za kostiki na gramu 8.4 za soda, nao wataona asidi inayotumika inalingana.

Kama methili oranji haipo, maji ya choya yanafaa kuonyesha kwamba moja imemeza maradufu ya nyingine, lakini usiyategemee kwa hesabu za mtihani, kwa sababu rangi yake hugeuka polepole na kila mwanafunzi ataona mwisho wake mahali tofauti.

Kostiki ipimwe haraka, kwani hufyonza unyevu hewani. Asidi itiwe kwenye maji, kamwe maji yasitiwe kwenye asidi, na kazi hiyo ifanywe na mwalimu peke yake. Tunaihofia asidi tukaisahau kostiki, ilhali jichoni kostiki ni mbaya zaidi. Pasipo miwani na ndoo ya maji safi, jaribio lisifanyike.

Jibu la tatu, kutoka kwa mkufunzi wa chuo cha ualimu, Mbeya

Naongeza jambo moja la lugha, kwa kuwa wanafunzi hawa walisoma sayansi kwa Kiswahili hadi darasa la saba. Neno letu "kali" linabeba mambo mawili: asidi inayoachia ioni zake (chembe zenye chaji) zote majini, na asidi ambayo chembe zake ni nyingi katika ujazo mdogo. Mwanafunzi akisikia "asidi kali" hajui unasema lipi, na akija kwenye moli kwa lita anachanganya kabisa. Mimi hulitenga neno "kukolea" kwa jambo la pili, kwa sababu kila mtu anajua chumvi iliyokolea mchuzini, na hakuna anayedhani kwamba chumvi yenyewe imebadilika tabia. Siki unaweza kuikoleza upendavyo, nayo itabaki asidi dhaifu. Yule aliyesema "ni nzito" nisingemhesabu kuwa ameshindwa. Alijua uzito una neno katika swali, ila hakujua ni uzito wa nini.

Mwalimu wa Tabora anarejea

Ahsanteni sana. Korija niliitaja, na kama alivyohisi mwenzangu wa Morogoro, ni wanafunzi wawili tu walioijua, wote watoto wa wauza mitumba. Rimu ilieleweka mara moja. Niliporudisha swali la gramu 20, wengi walisema sodiamu haidroksaidi itahitaji asidi zaidi "kwa sababu chembe zake ni nyepesi, kwa hiyo ni nyingi", na sikuwahi kupata sentensi hiyo kutoka darasani kwangu miaka yote.

Kisha kijana mmoja akauliza moli moja ya maharage ingetosha wapi. Tulikokotoa ubaoni kipindi kizima, jambo ambalo halimo katika andalio langu la somo, tukakuta kwamba ukiyamwaga Tanzania nzima, rundo lingepanda juu zaidi ya kilomita 300. Gramu 18 za maji, ambazo ni kijiko kimoja cha chakula na kidogo zaidi, zina molekuli idadi hiyohiyo. Nilikipitisha kijiko hicho dawati hadi dawati. Kostiki tunaianza Ijumaa. Miwani nimepata mitano, kwa hiyo tutaingia kwa zamu.