Ukoo wa waanzilishi wa Frere Town: wazee, rejista za kanisa au DNA, nianze wapi?

KitukuuKisauni

Hamjambo nyote. Familia yetu ni miongoni mwa zile za mwanzo kabisa kukaa Frere Town, kile kijiji cha Kisauni kilichoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Tunachojua nyumbani ni mambo mawili tu. Mzee wetu wa kwanza alitolewa kwenye jahazi la watumwa lililokamatwa baharini akiwa mtoto, na alibatizwa hapa hapa. Jina lake la ubatizo tunalo. Jina alilopewa na mamake, hatuna. Mimi ni kitukuu chake na jambo hili linaninyima usingizi.

Akiba yangu inatosha kufanya kitu kimoja vizuri mwaka huu. Kuna shangazi yangu, mjukuu wa mzee huyo, ana miaka 91, akili timamu lakini anachoka haraka. Kuna rejista za ubatizo na ndoa pamoja na makabrasha ya wamisionari. Na kuna kipimo cha DNA, ambacho binamu yangu aliye ng'ambo anasema kitamaliza kila kitu. Mliopita njia hii, ningeanzia wapi?

Karani_Mstaafu

Karibu, mwanangu. Nimefanya kazi na karatasi za zamani maisha yangu yote, kwa hiyo nitazisemea karatasi, uzuri wake na mitego yake.

Rejista ya ubatizo ndiyo uti wa mgongo. Itakupa tarehe, jina jipya, pengine umri wa kukisia, na mara nyingine kabila kama lilivyosikika masikioni mwa aliyeandika. Rejista ya ndoa huwa na sehemu ya jina la baba wa bwana harusi na la baba wa bibi harusi. Kwa waliokombolewa utakuta sehemu hiyo tupu. Ukiiona mara ya kwanza inauma, lakini isikukatishe tamaa: utupu huo wenyewe ni ushahidi kwamba huyu alifika bila mzazi.

Mtego mkubwa ni majina. Watoto wengi walipewa majina ya wamisionari au ya wafadhili wa Uingereza. Watu wawili wenye jina moja la ukoo huenda hawana damu moja hata tone, walimpata mfadhili mmoja tu. Nimeona watu wakiunganisha koo mbili kwa sababu hiyo, wakasherehekea udugu usiokuwepo. Kisha kizazi cha pili wengi walichukua jina la ubatizo la baba kuwa jina la ukoo, kwa hiyo jina linageuka kila kizazi. Fuata mtu kwa ndoa yake, mashahidi wake na wasimamizi wa ubatizo wa wanawe.

Kumbukumbu za CMS zenyewe zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, katika maktaba ya utafiti ya Cadbury. Humo mna barua, taarifa za mwaka na orodha. Za Nairobi, Nyaraka za Taifa, ni nzuri zaidi kwa miaka ya ukoloni: ardhi, mahakama, kazi. Ukienda, nenda na miaka na majina mkononi. Mtu anayeingia na swali la "nataka kujua ukoo wangu" hutoka na vumbi tu.

MwanaRabai

Shikamoo Mzee Karani. Yote uliyosema ni kweli, lakini mimi nampinga yeyote atakayemwambia huyu ndugu aanze na makaratasi. Nilianza huko. Miaka miwili nikizunguka na daftari, nikisema nikishamaliza nitamwendea ami yangu nimuulize maswali ya maana. Ami akatangulia mbele ya haki nikiwa bado napanga maswali. Rejista niliyokuwa naisoma ipo hadi leo, palepale nilipoiacha.

Ndugu Kitukuu, nenda kwa shangazi wiki hii. Lakini usimwendee mbio. Wazee wa pwani hawapendi kuulizwa "sisi tulitoka wapi", kwa sababu nyuma ya swali hilo kuna neno mtumwa, na neno hilo liliwadhalilisha wazazi wao hadharani. Wengi walifunzwa kunyamaza au kutaja asili nyingine yenye heshima. Zunguka. Muulize bibi yake alikuwa akiimba nini akimbembeleza mtoto. Muulize kuna chakula gani nyumbani kwao kilikuwa mwiko. Watoto walipozaliwa, majina yalifuata zamu gani? Akigombana na jirani, bibi alitukana kwa lugha gani?

Miaka usimuulize, muulize matukio. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na miaka miwili baadaye njaa kubwa ikaanza. Halafu vita vya 1914 vilivyowachukua wanaume kubeba mizigo. "Baba alizaliwa kabla ya reli au baada?" Hapo utapata mwaka bila kumsumbua.

Na jambo jingine: hakikisha hadithi ya jahazi. Si kila familia ya misheni ilitoka baharini. Hapa kwetu Rabai, misheni iliyoanzishwa na Krapf na Rebmann mwaka 1846, wengi walikuwa watoro waliowakimbia mabwana wao wa pwani. Tarehe 1 Januari 1889 Mackenzie wa IBEA, kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, aliwapa hati za uhuru watoro zaidi ya 1,400 baada ya kuwalipa fidia waliodai kuwamiliki. Mtu aliyepata uhuru kwa njia hiyo ana karatasi tofauti kabisa na aliyeteremshwa kutoka melini.

KitukuuKisauni

Ahsante sana. Hili la kunyamaza nalijua. Baba alikuwa akiondoka chumbani mazungumzo yakifika hapo. Hilo la Rabai sikuwahi kulifikiria. Na je, DNA?

Saba_Maabara

Nafanya kazi na vinasaba kila siku, na ninakipenda kipimo hiki, kwa hiyo sitaki kikuvunje moyo kwa kukuahidi yale kisiyoyaweza.

Kwa wastani wewe umebeba asilimia 12.5 za mzee wako wa kwanza. Shangazi yako amebeba 25. Basi kama kuna mtu wa kupimwa, ni yeye kwanza, akikubali kwa hiari na akielewa anachokubali. Sampuli ya shangazi mmoja ina thamani kuliko yako, ya binamu yako na ya kaka yako.

Kipimo kinafanya kazi mbili tofauti, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kukisia asili: asilimia fulani za huku, asilimia fulani za kule. Makisio hayo hutegemea watu wa kulinganishwa nao, na hazina za data za kampuni kubwa za vipimo zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Watu kutoka Ziwa Nyasa, Ruvuma na kaskazini mwa Msumbiji ni wachache humo. Usishangae ukijibiwa "Afrika Mashariki", jambo ulilolijua ukiwa umekaa barazani kwako.

Ya pili ni kuoanisha jamaa, na hapa ndipo penye nguvu. Watu wanaotokana na babu mkuu mmoja kama wako hugawana kwa wastani kiasi cha asilimia 3. Hilo laonekana wazi. Lakini ujue unachokitafuta: unamtafuta mtu ambaye mababu zake walibaki kijijini jahazi lilipoondoka. Huyo angekuwa binamu wa mbali sana, na lazima naye awe amepimwa. Kwa sasa uwezekano ni mdogo.

Pale kinapokufaa ni kwenye lile la Mzee Karani. Ukikuta familia nyingine yenye jina lenu na hamjui kama ni ndugu au mlipewa jina na mfadhili mmoja, kipimo kitakata shauri. Na kabla ya kulipa, soma masharti ya faragha. Kampuni ya vipimo vya DNA ya 23andMe iliomba ulinzi wa mufilisi Machi 2025, na mamilioni ya wateja wakabaki wakijiuliza data zao zitaangukia mikononi mwa nani. Ukipima wewe umewapima na wanao.

NuruMbweni

Nami niongeze kutoka upande wa Unguja. Usifungie utafiti wako Mombasa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na meli za Uingereza zikaendelea kukamata majahazi. Waliokombolewa waligawanywa: wengine Mbweni, Unguja, kwa wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, wengine Bagamoyo kwa mapadre wa Roho Mtakatifu, wengine Frere Town. Watoto wa jahazi moja wangeweza kuishia sehemu tofauti. Mzee wako huenda ana ndugu aliyebatizwa Mbweni kwa jina lisilofanana na lake hata kidogo.

Mabaharia walilipwa zawadi kwa kila mtumwa aliyekombolewa, ndiyo maana hesabu za majahazi zilitunzwa kwa uangalifu. Utapata tarehe, sehemu jahazi lilipokamatwa, wanaume wangapi, wanawake wangapi, watoto wangapi. Majina ni nadra. Nimekaa na orodha hizo, na mtu huhisi uzito kifuani kusoma idadi ya watoto bila jina hata moja. Ila ukiwa na mwaka wa ubatizo, unaweza kurudi nyuma ukapata majahazi machache yanayowezekana.

Tena, uliza kama alipitia India. Wale walioitwa Wabombay walikombolewa mapema zaidi, wakalelewa Sharanpur karibu na Nasik, kisha wakaletwa kuongoza Frere Town. William Jones na Ishmael Semler, waliopewa ushemasi mwaka 1885, walitoka huko. Nyumbani mkiwa na kiti, kitabu au wimbo wa Kihindi, usiupuuze.

KitukuuKisauni

Nimerudi. Jana nilikaa na shangazi baada ya alasiri. Sikuuliza asili. Nilimwambia tu anionyeshe mchezo wa vidole aliochezeshwa na bibi yake, mke wa yule mzee wa kwanza. Akaushika mkono wangu, akaanza kuhesabu vidole. Mwanzo sikuelewa. Kufika cha nne akasema *mcheche*, cha tano *msano*, akacheka. Anasema bibi alihesabu hivyo akiwa peke yake jikoni, na watu wakiingia alinyamaza au kuhesabu kwa Kiswahili.

Na katika nakala ya rejista ya ndoa aliyokuwa nayo marehemu baba, bibi huyo ameandikwa "Nyasa".

MwanaRabai

Allah! Hiyo ni Chiyao, lugha ya Wayao, ndugu yangu. Rejista isingekupa hilo hata ungeisoma miaka kumi.

Karani_Mstaafu

Nakubali, na nimefurahi kushindwa. "Nyasa" walikuwa wakiandikiwa watu wengi waliopitia njia za ziwani, haikuwa kabila la mtu. Lakini twende polepole. Wayao walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa njia ile, na mateka wengi walikaa vijijini mwao miezi au miaka kabla ya kufika pwani. Mtoto mdogo angejifunza kuhesabu huko. Kwa hiyo mcheche na msano zinakwambia alipita au alikulia kati ya Wayao. Kama alizaliwa nao, hilo bado. Lugha za jirani pia zina baadhi ya tarakimu hizo, basi mpelekee sauti mzee wa Kiyao wa Tunduru au Masasi amsikilize.

Saba_Maabara

Hapo sasa hata DNA ya shangazi ina pa kuegemea. Ila ingoje. Sampuli utaichukua baadaye akiridhia, hadithi hii ndiyo ya kuwahi. Akiba yako nenda nunue kinasa sauti kizuri na nauli ya kwenda na kurudi kwake.

KitukuuKisauni

Nimekubali. Rejista nitazifuata mwezi ujao, DNA haitakuwa mwaka huu. Jumamosi narudi kwa shangazi na kinasa sauti. Nitampa tena mkono wangu, nimwombe aanze na kidole gumba.