Mjadala: Aliyefilisika azuiwe kugombea uongozi?

Mleta mada
Wadau, naomba tulijadili hili bila kurushiana vyama. Ibara ya 99 ya Katiba ya Kenya inasema mtu aliyetangazwa mufilisi, na bado hajaondolewa kwenye hali hiyo, hana sifa ya kuchaguliwa kuwa mbunge. Uganda wanalo katazo hilohilo katika ibara ya 80. India, Australia na Singapore vilevile. Marekani hawana. Uingereza walikuwa nalo wakalilegeza kwa sheria ya mwaka 2002: siku hizi kufilisika pekee hakumtoi mtu bungeni, mpaka mahakama imwekee vizuizi maalumu kwa sababu ya mwenendo wake mbaya katika madeni hayo.

Msimamo wangu ni kwamba katazo lifutwe. Kufilisika si jinai. Mtu anaugua miaka miwili, au alimdhamini ndugu yake benki na ndugu akapotea, au mteja wake mkubwa hakulipa naye akashindwa kuwalipa wengine. Mahakama ikimtangaza mufilisi haijamwita mwizi. Imesema tu kwamba mali yake haifikii madeni yake, kwa hiyo igawanywe kwa utaratibu badala ya wadai kuigombania kama fisi. Sasa mtu huyo anapiga kura, analipa kodi, lakini jina lake haliruhusiwi kwenye karatasi ya kura. Kwa nini mpiga kura asiachiwe aamue mwenyewe?

Mchangiaji wa 1
Dawa ya deni kulipa. Aliyeshindwa kusimamia mfuko wake tumkabidhi hazina? Hapana, mkuu.

Mchangiaji wa 2
Mimi sina shida na umaskini wa mtu. Shida yangu ni kamba shingoni. Mwenye deni ana bwana wake, na bwana huyo hakupigiwa kura na yeyote. Tazameni Julius Caesar. Mwaka 61 KK alipangiwa kwenda kutawala jimbo Hispania, wadai wakamzuia asiondoke Roma. Aliyemwokoa ni Crassus, tajiri mkubwa wa mji, akamdhamini. Mwaka uliofuata Caesar, Crassus na jemadari Pompey wako kitu kimoja, wanapanga siasa za Roma kwa siri. Dhamana ile haikuwa sadaka.

Halafu kuna wanaoingia bungeni kujificha. Benjamin Disraeli alipochaguliwa mwaka 1837 alikuwa amezama kwenye madeni, na enzi hizo mbunge wa Uingereza hakuweza kukamatwa kwa deni. Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee iliyompeleka, alikuwa na kipaji na baadaye akawa waziri mkuu. Lakini kiti kilimfaa kwa namna mbili.

Mchangiaji wa 3
Mnazungumzia katazo kana kwamba linatumiwa na malaika. J. B. Jeyaretnam wa Singapore, mpinzani wa miaka mingi, alishtakiwa kwa kashfa mara kwa mara na viongozi na watu wa karibu na chama tawala. Fidia zikarundikana. Mwaka 2001 akatangazwa mufilisi, akapoteza kiti chake bungeni. Ilimchukua mpaka 2007 kuondolewa kwenye ufilisi. Mwaka 2008 akaanzisha chama kipya, na mwaka huohuo akafariki bila kugombea tena. Huyu hakula mtaji wa mtu. Deni lake lilitokana na maneno. Ukishajua kwamba kumfilisi mpinzani ni kumfuta kwenye uchaguzi, mahakama ya madai inageuka silaha, na huhitaji hata kumfunga.

Mleta mada
Mchangiaji wa 2, mfano wako wa Caesar nimeupenda, ila unanisaidia mimi. Caesar hakuwahi kutangazwa mufilisi! Katazo hili lingempita hivihivi. Aliyetangazwa mufilisi madeni yake yako wazi mahakamani, mali iko mikononi mwa msimamizi, kila mdai anajulikana kwa jina na kiasi. Hakuna wa kumnong'oneza gizani "nikikubana utaumia", maana ameshabanwa hadharani. Wa kuogopwa ni yule anayedaiwa kimyakimya, anavaa suti mpya, na hatujui nani kamshika.

Na katazo linazidisha hatari hiyo. Mbunge anayejua kwamba akitangazwa mufilisi kiti kimekwenda, atafanya nini akizidiwa? Atamtafuta Crassus wake. Atapokea fedha kwa yeyote, kwa masharti yoyote, ili mradi kesi isifike mwisho. Tumemwadhibu anayefungua daftari, tumemlinda anayelifunga.

Mchangiaji wa 1
Maneno mazuri, lakini tabia ni tabia. Harry Truman duka lake la nguo lilianguka mwaka 1922. Mshirika wake akaishia kutangazwa mufilisi, yeye akakataa njia hiyo, akalipa kidogokidogo kwa miaka mingi. Huyo ndiye akawa rais wa Marekani mwaka 1945. Kukopa harusi, kulipa matanga, na mwanamume ni yule anayekwenda kwenye matanga.

Mleta mada
Malizia hadithi basi. Mwaka huohuo wa 1922 Truman alichaguliwa kushika wadhifa katika serikali ya kaunti yake. Alikuwa analipa deni akiwa na mshahara wa umma, na wapiga kura ndio waliompa. Halafu hilo la "mwanamume" tuliache, wanawake nao wanakopa na wanagombea.

Mchangiaji wa 4
Hata vitabu vya dini vimetofautisha asiyeweza na asiyetaka. Kurani 2:280 inasema mwenye dhiki apewe muda mpaka afarijike, na kumsamehe ni bora zaidi. Kumbukumbu la Torati 15 inaweka maachilio kila mwaka wa saba. Sheria yetu inamweka tapeli na mgonjwa kapu moja. Hapo Waingereza wametuzidi.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni kingine. Zambia ilishindwa kulipa riba ya hati fungani zake Novemba 2020. Agosti 2021 Edgar Lungu, rais aliyekuwa madarakani, akagombea tena, na deni hilo halikumzuia. Akashindwa kwenye sanduku la kura. Kwa hiyo deni la taifa zima tunamwachia mpiga kura ahukumu, deni la duka la mtu mmoja tunasema mpiga kura hawezi kulipima?

Mchangiaji wa 2
Hapo umenigusa, sikatai. Basi nalegeza: aliyefilisika kwa udanganyifu azuiwe, mwingine aruhusiwe. Ila kwa sharti moja, kila mgombea, mufilisi au si mufilisi, atangaze madeni yake yote na majina ya wanaomdai kabla ya kampeni. Si mali tu, madeni. Mleta mada, unakubali? Na tuliomo humu tunaomezea mate udiwani, tuko tayari kuanza sisi?

Mleta mada
Nakubali. Majina ya wanaonidai mimi yatajaza ukurasa, nipeni mpaka kesho.