Mjadala: Je, akili mnemba iachiwe kuamua hatima ya mtu?

Mwanzisha mada

Wadau, naomba tujadili jambo moja. Je, ni halali programu kumnyima mtu mkopo, kazi au posho bila binadamu yeyote kuwajibika kwa uamuzi huo? Mimi nasema si halali, hata kama programu hiyo inapatia mara nyingi.

Kwa ambao hawajafuatilia: akili mnemba ya siku hizi haiandikiwi kila kanuni na mtaalamu. Inalishwa mifano mingi mno, inajirekebisha kidogo kidogo mpaka inaanza kubashiri vizuri. Chukua ChatGPT, programu ya kujibu maswali kwa maandishi iliyotoka Novemba 2022. Ukiandika "Mtoto analia kwa sababu ana…", inapima maneno yanayoweza kufuata: "njaa" linapata uzito mkubwa, "usingizi" linafuatia, "daraja" karibu sifuri. Inachagua moja, kisha inabashiri linalofuata. Mtoto mwenyewe haijamwona.

Ndiyo maana hukosea kwa uhakika uleule inaotumia kusema kweli. Mwaka 2023 mawakili huko New York walipeleka mahakamani rejea za kesi walizopewa na ChatGPT, kumbe kesi hizo hazikuwahi kuwepo. Wakapigwa faini ya dola 5,000. Hapo alikuwepo jaji wa kushtuka. Aliyeenguliwa na programu ya kuchuja maombi ya kazi atashtukiwa na nani?

Uholanzi ndiyo inayoniuma zaidi. Mamlaka ya kodi ilitumia mfumo wa kukadiria ni wazazi gani huenda wanadanganya kuhusu posho ya malezi ya watoto, na kutokuwa raia kukahesabiwa kama dalili ya hatari. Maelfu ya wazazi wasio na hatia wakaitwa matapeli, wakadaiwa fedha wasizoweza kulipa. Serikali nzima ilijiuzulu Januari 2021.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, binadamu unayemtetea ndiye anayependelea jamaa zake na kudai rushwa. Halafu anachoka. Sweden walijaribu akili mnemba kwenye uchunguzi wa saratani ya matiti kwa wanawake zaidi ya 80,000. Matokeo ya awali ya 2023 yalionyesha kazi ya madaktari ya kusoma picha imepungua kwa asilimia 44, na saratani zilizogunduliwa hazikupungua. Tukatae hilo kwa sababu ya woga?

Mwanzisha mada

Hapana, ndugu yangu, hilo nalipokea kwa mikono miwili. Ila angalia walivyolipanga: mashine ilichambua picha zipi zisomwe na daktari mmoja na zipi wasome wawili. Daktari hakuondolewa.

Kuhusu upendeleo, karani mbaguzi anawaumiza waliofika mbele yake. Programu yenye kasoro ikiuzwa kwa ofisi mia, ofisi zote mia zinakosea kwa namna moja, siku moja. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu 3 za kutambua jinsia kwa sura. Kwa wanaume weupe makosa hayakufika asilimia 1. Kwa wanawake weusi yalifika karibu asilimia 35 kwenye mojawapo. Zilikuwa tayari sokoni.

Mchangiaji wa pili

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data, inayotumika tangu 2018, tayari inampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake kwenye mambo mazito. Tatizo ni kwamba ofisi inamweka mtu abonyeze "kubali" kutwa nzima, na sheria inaonekana imetimizwa. Hilo unalitibu vipi?

Mwanzisha mada

Hapo umegusa kidonda. Mtu wa kubonyeza tu hana faida; ni afadhali asiwepo, maana anaipa mashine kivuli cha kujificha. Ninayemtaka mimi ana muda wa kulisoma faili, ana mamlaka ya kupinga jibu la mashine bila kuulizwa kwa nini amechelewesha kazi, na anaandika sababu kwa lugha ambayo aliyekataliwa ataielewa na kuikatia rufaa. Ofisi ikisema haiwezi kumudu mtu huyo, basi uamuzi huo isiupeleke kwenye mashine kabisa.

Anayeona gharama hiyo ni kubwa mno, aeleze ni nani ailipe badala yake: ofisi, au yule aliyekataliwa?