Msichana wangu wa Gredi 2 wanataka aruke aende Gredi 4, mngekuwa nyinyi mngefanya aje?

MamaKadogo_Dona

Habari zenu wazazi. Naomba mawazo yenu juu hapa kwangu tumebishana mpaka sasa hatuongei hiyo stori tena tukikula.

Msichana wangu ana miaka saba, ako Gredi 2 kwa praiveti moja huku Donholm, Nairobi, jina nitakaa nalo. Alianza kusoma akiwa na minne na hakuna mtu alimkalisha chini akamfunza, alikuwa anauliza tu hii imeandikwa nini, hii nayo, mabango ya barabarani, paketi ya unga, maandishi ya nyuma ya matatu (mengine nilikuwa nadanganya), na siku moja tukashtukia anasoma mwenyewe. Saa hii anamaliza vitabu vya kakake wa Gredi 5 na hesabu za kuzidisha na kugawanya anafanya kwa kichwa akiruka kamba.

Shida ni darasani. Anamaliza kazi mapema halafu anaanza kuongelesha wenzake, anazunguka, anachora dawati, na kwa dayari mwalimu ameandika mara kadhaa kwamba anasumbua. Tukaitwa shule, nikajua ni hiyo kesi, kumbe hedtichaa anataka kutuambia mtoto aruke Gredi 3, Januari aingie Gredi 4 moja kwa moja.

Mzee wangu amefurahi ajabu, anasema enzi za 8-4-4, ule mfumo wa zamani wa masomo, yeye mwenyewe alirushwa kutoka darasa la tatu hadi la tano na hakufa. Mamangu naye hataki kusikia, anasema mtoto akikimbizwa atachoka mbele ya safari. Mimi masomo hayanitishi sana. Ninachoogopa ni kwamba mwili wake ni mdogo hata kwa hao wa Gredi 2, akishindwa na kitu kidogo analia, na mwandiko wake ni kama kuku amepita. Kuna mtu amepitia hii? Mtoto kweli anafaidika ama ni sisi wazazi tunafaidika na sifa?

BabaWawili_Rongai

Mama usikubali. Hebu kwanza jiulize kwa nini hedtichaa ndio ana haraka. Mwalimu amechoka na mtoto, sasa dawa ni kumpitisha kwa mwalimu mwingine, na shule inapata stori ya kuambia wazazi wapya siku ya kutembelea shule. Ndugu yangu mdogo alirushwa, namba moja kila mwaka mpaka darasa la nane, akaingia fomu wani bodingi akiwa na miaka kumi na miwili, kati ya vijana wenye ndevu. Alimaliza, alipita, lakini hiyo miaka minne hataki kuiongelea mpaka leo. Ana akili ndio, lakini akili haikusaidii mtu akichukua godoro lako usiku.

Mpatie vitabu nyumbani, mpeleke chesi, mpeleke kuogelea. Utoto haurudiwi.

Tichaa_Eastlands

Mimi nafunza Gredi 4, shule ya umma, kwa hivyo acha niongee kama mtu ambaye huyo mtoto angeletewa mlangoni.

Baba Wawili nakuelewa lakini kumbuka ile bodingi ya fomu wani ya miaka kumi na miwili ilikuwa ya mfumo mwingine. Saa hii junia (sekondari ya chini, Gredi 7 hadi 9) iko palepale shule ya msingi, wanakaa hapo mpaka Gredi 9, kwa hivyo hiyo siku ya godoro imesogea mbele kidogo. Haijaisha, imesogea.

Sasa Mama, kitu watu hawajakwambia ni kwamba kati ya Gredi 3 na 4 ndio kuna ule mlima wenyewe. Gredi 1 hadi 3 ni masomo machache, mazingira ni somo moja, vipindi vya dakika thelathini, kuimba kwingi. Akiingia 4 hayo mazingira yamepasuka yakawa Sayansi na Teknolojia, Kilimo, na Masomo ya Jamii, kipindi kimekuwa dakika thelathini na tano, na kuandika ni kwingi, kwingi kabisa, anachosoma anatakiwa kukieleza kwa daftari. Mtoto anayesoma kitabu cha Gredi 5 lakini mkono wake unachoka kwa mistari mitano atakaa kwangu akijua majibu yote na daftari liko tupu, na mimi nina watoto zaidi ya hamsini sitajua kama hajui ama hajaandika. Hapo ndipo mtoto mwerevu anaanza kuonekana mjinga, na yeye mwenyewe anaanza kuamini.

Pia kuna mambo ya makaratasi ambayo hedtichaa anafaa kukueleza kabla hujakubali. Gredi 3 ndio mtoto anasajiliwa na KNEC, lile baraza la mitihani, anapewa namba ya asesmenti ambayo anatembea nayo mpaka mwisho. Muulize akiruka hiyo Gredi 3 namba ataipata lini na nani ataifuatilia, na kwa mfumo wa wizara atasomeka wapi. Usiridhike na "hiyo tutapanga". Na kama mtaruka, afadhali sasa kuliko baadaye, kwa sababu kuanzia Gredi 4 kuna alama za shule ambazo zinatumwa kila mwaka. Watoto wa kwanza wa KJSEA (mtihani wa mwisho wa Gredi 9) mwaka wa 2025, kuingia Gredi 10 walihesabiwa asilimia 20 ya KPSEA, ule mtihani wa Gredi 6, asilimia 20 ya kazi za Gredi 7 na 8, halafu mtihani wenyewe asilimia 60. Sasa mtoto aliyeruka Gredi 7 hizo alama atatoa wapi?

KahawaWest_msomaji

Nimependa venye mwalimu ameeleza. Mimi nasomea saikolojia ya elimu hapa KU (Chuo Kikuu cha Kenyatta) na hii mada ndio niliandikia tem pepa, kwa hivyo mnivumilie niko na maneno mengi.

Ile imani ya nyanyake kwamba mtoto akikimbizwa atachoka mbele imechunguzwa sana, na matokeo hayako upande wake. Mwaka wa 1971 profesa mmoja wa Johns Hopkins huko Marekani, Julian Stanley, alianza kuchukua watoto wa miaka kumi na mbili kumi na tatu anawapa SAT, mtihani wa watu wanaoingia chuo, na wale waliopita vizuri wakafuatiliwa miaka na miaka. Wengine waliruka madarasa, wengine hawakuruka. Ripoti ya 2021 iliwaangalia wakiwa watu wazima wa karibu miaka hamsini, na wale waliorushwa hawakuwa na msongo zaidi wala furaha kidogo kuliko wenzao. Chuo cha Iowa nacho kilikusanya utafiti wa aina hii mwaka wa 2004 na kusema waziwazi kwamba shule zinaogopa kurusha watoto kwa sababu ya hofu ambayo haina ushahidi nyuma yake. Na kule Australia, Miraca Gross alifuata watoto sitini wenye akili ya juu zaidi, si wale wa namba moja darasani, hapana, juu zaidi ya hapo. Waliorushwa madarasa mawili au zaidi walikuja kuwa na marafiki na kazi nzuri. Waliokazwa wakae na umri wao ndio wengi walipata shida ya marafiki, na wengine wakaacha masomo. Yaani hatari ya kumwacha akae ipo pia, tena ni kubwa, ni vile tu haionekani juu mtoto anayeboeka anaitwa mtundu.

Lakini (na hapa nakubaliana na mwalimu) hao watoto walipimwa kwanza. Na walipimwa na mtihani wa juu, huu ndio ujanja wenyewe wa Stanley. Mtoto wako akipata mia kwa mia kwa mtihani wa Gredi 2 hiyo inakwambia tu mtihani uliisha kabla yeye hajaisha. Mwambie hedtichaa ampe mtihani wa mwisho wa Gredi 3, kila somo, aketi chini aandike mwenyewe. Halafu wa Gredi 4 hesabu na kusoma. Hapo mtajua anajua nini na wapi kuna pengo.

Kitu kingine, kuruka darasa zima si njia pekee. Terence Tao, yule mwanahisabati wa Australia aliyepata medali ya Fields, tuzo kubwa ya hesabu, mwaka wa 2006, watu hupenda kusema aliingia sekondari akiwa mtoto mdogo. Ni kweli, lakini kwanza wazazi walimpeleka shule akiwa na miaka mitatu na nusu, wakaona hajakomaa kukaa darasani, wakamtoa baada ya wiki chache wakangoja mpaka mitano. Halafu aliporushwa ilikuwa somo kwa somo, hesabu anaenda na wakubwa, mengine anakaa chini na wadogo. Hakukuwa na haraka ya kila kitu kwenda pamoja.

Na ukitaka apimwe na mtu ambaye hana haja na karo yako, kuna EARC, vituo vya kupima watoto ambavyo viko tangu 1984, na KISE, taasisi ya elimu maalum pale Kasarani. Watu hudhani ni za walemavu peke yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawataja wenye vipaji vya juu ndani ya watoto wenye mahitaji maalum, kwa hivyo usiogope kwenda ukaambiwa umepotea njia.

Nilirushwa_254

Mimi ndiye huyo mtoto. Nilirushwa mara mbili enzi za 8-4-4 na naweza kuwaambia masomo hayakunishinda hata siku moja. Kilichonishinda ni vitu vidogo vidogo. Mpira hakuna mtu anakuchagua. Wenzako wanaanza kuongea mambo ya wasichana wewe bado unacheza bano. Kuingia chuo nikiwa sina kitambulisho, laini ya simu imesajiliwa kwa jina la mathe, darasa linaenda autingi mimi nasimamishwa mlangoni na bawnsa. Sasa hii naicheka, wakati huo sikuwa naicheka.

Lakini ukiniuliza kama ningetaka nirudishwe nikae na umri wangu, ningekataa. Kabla nirushwe nilikuwa nachapwa kila wiki kwa kelele, baada ya hapo ndio nikapata kitu cha kufanya. Baba Wawili, ndugu yako shida yake ilikuwa bodingi bana, hata angekuwa na miaka kumi na nne hao majamaa wangechukua godoro.

Mama swali langu moja tu, mmemuuliza mtoto mwenyewe? Mimi hakuna mtu aliniuliza, nilipata tu dawati langu limehamishwa.

BabaWawili_Rongai

@Nilirushwa sawa, hiyo ya bodingi nakupa. Lakini wewe ulikuwa mvulana, msichana mdogo kati ya wakubwa ni mambo mengine, na hapo mzazi lazima afikirie Gredi 7, 8, si Gredi 4 peke yake. Hao maprofesa wa Marekani hawajui matatu ya Outering saa kumi na mbili asubuhi.

MamaKadogo_Dona

Asanteni sana wote, nimesoma kila kitu mara mbili na nimemsomea mzee ile ya mwalimu, akanyamaza, na huyo si mtu wa kunyamaza.

Nimemuuliza mtoto leo jioni. Ameuliza kama Gredi 4 wanaruhusiwa kutoka na vitabu vya laibrari nyumbani, nikasema sijui. Akauliza kama rafiki yake wa dawati ataenda pia, nikasema hapana. Akasema basi ataenda "ya hesabu na ya kusoma halafu nirudi". Sikuwa nimemsomea hiyo ya Tao jamani, amejitolea mwenyewe!

@Tichaa_Eastlands hiyo ya kwenda somo moja na kurudi inawezekana kweli ama ni ya majuu?

Tichaa_Eastlands

Inawezekana kama shule inataka. Hesabu mara nyingi iko asubuhi madarasa yote, kwa hivyo waambie wapange hesabu ya Gredi 3 na ya Gredi 4 wakati mmoja, yeye akienda ng'ambo asikose kipindi kingine huku. Kiingereza hivyohivyo. Mwalimu wa Gredi 4 aambiwe mapema, sio mtoto atokee mlangoni na kiti mkononi. Fanyeni tem moja, mkae chini tena Aprili muangalie: amelala vizuri, amekula vizuri, daftari limejaa au liko tupu. Akiwa sawa mnaweza kumrusha mzima au mkamwacha hivyo, na akikataa anarudi bila mtu kusema amefeli. Ukimrusha mzima halafu umrudishe, hapo ndio watoto wenzake watamwita jina.

Mwandiko usimchape nao. Unga, udongo, kukata na makasi, kushona vifungo, dakika kidogo kila siku. Vidole vina umri wao.

Na kwa vitabu, usingoje shule. Knls, maktaba ya taifa, iko Buruburu hapo karibu na wewe, na maktaba ya McMillan ina matawi Makadara na Kaloleni. Jumamosi mpeleke.

MamaKadogo_Dona

Buruburu naijua, sikujua wanakubali wadogo. Ijumaa niko na miadi na hedtichaa, nitaenda na haya maswali yameandikwa kwa karatasi, ya namba ya KNEC ikiwa ya kwanza. Mzee amesema anakuja pia lakini ataniachia niongee.

KahawaWest_msomaji

Akikataa kumpa mtihani wa Gredi 3, kuja hapa utuambie amesema nini, juu hiyo peke yake itakuwa jibu.