Mwimbaji wa kantri akirekodi injili, ni lazima aziache nyimbo zake za zamani?

MLETA MADA: Wakuu, Jumapili tukitoka ibadani kijana mmoja wa kwaya alifungulia kwenye gari tenzi za Alan Jackson, mwimbaji wa kantri (country), ule muziki wa Marekani. Mzee wa kanisa akainama dirishani: "Zima. Huyo si ndiye anayeimba za baa?" Tumebishana wiki nzima, naomba tuendelee hapa.

Mama yake Alan Jackson alikuwa akimwomba kwa miaka mingi amrekodie nyimbo za kanisani. Mwishowe akamrekodia, ikawa zawadi yake ya Krismasi, bila nia ya kuuza: gitaa, piano na tenzi ambazo nyingine hata sisi tunaziimba kwa Kiswahili. Mwaka 2006 kazi hiyo ikaingia madukani, ikashika namba moja kwenye chati ya albamu za kantri na ile ya albamu za Kikristo. Yeye akaendelea na kantri yake kama kawaida.

Mimi nasema hana kosa. Kwetu msanii wa bongo fleva akiokoka tunadai ushuhuda madhabahuni na nyimbo za zamani azikane, kisha tunaubeba utaratibu huo hadi Georgia, jimbo la Marekani alikotoka Jackson. Kusini mwa Marekani waimbaji wengi wa kantri wamelelewa na tenzi. Johnny Cash, naye wa kantri, alipokwenda kwa mtayarishaji wa muziki Sam Phillips pale Memphis alitaka kurekodi injili, akaambiwa haiuziki. Alihamia kampuni ya kurekodi ya Columbia mwaka 1958, na mwaka uliofuata akatoa albamu nzima ya tenzi. Kijana wa watu alikuwa anarudi alikozuiliwa mlangoni.

MCHANGIAJI: Mkuu, la mama limenigusa, ila albamu ya pili ya tenzi ilitoka 2013. Hiyo nayo ni zawadi ya Krismasi? Wameona soko. Na Yakobo alishauliza kama chemchemi moja inaweza kutoa maji matamu na machungu. Nina binti wa miaka tisa. Jumamosi amsikie mtu akiisifia pombe, Jumapili amsikie huyohuyo akiimba msalaba, nimweleze nini? Afadhali Randy Travis, mwimbaji mwingine wa kantri: kuanzia mwaka 2000 alitoa injili albamu baada ya albamu, ukaona kweli mtu ameshika njia.

MLETA MADA: Ndugu yangu, kwenye pombe umenibana, nakubali. Wimbo wa kusifia ulevi sitautetea.

Lakini soko lisikutishe. Muziki huu wa injili wa kusini, wa wanaume wanne na piano, ulikua kwa biashara. Mwaka 1910 James D. Vaughan wa Lawrenceburg, Tennessee, alikuwa mchapishaji wa vitabu vya nyimbo. Akawatuma waimbaji wanne wazunguke makanisani wakiimba ili vitabu vinunuliwe. Watu walinunua, na waliobarikiwa walibarikiwa.

Na huyo Randy Travis unayemsifu, wimbo wake wa imani ulishika namba moja mwaka 2003 kwenye chati ya kantri, palepale penye nyimbo za mapenzi na za majonzi. Mtu aliyefiwa na mkewe akiimba uchungu wake, hayo ndiyo maji machungu?

Marehemu baba alikuwa mwinjilisti wa mtaa. Alikuwa na kaseti moja ya Jim Reeves, naye mwimbaji wa kantri, ambayo baba aliirekodi mwenyewe: upande A nyimbo za mapenzi, upande B tenzi. Ukanda ulipokatika aliunga kwa seloteipu, tukajua kila ubeti utakaoruka. Jumapili alfajiri alipiga pasi shati lake kwa upande B. Jioni mama akimenya ndizi, aligeuza. Hakuna mshirika aliyewahi kumwambia azime.

MCHANGIAJI: Kwa mzee wako sina neno, Mungu amrehemu. Kwa nyimbo za pombe bado nabisha, na binti yangu bado ananisubiri nimjibu. Wengine mnasemaje?